Tazama Kuta Kwanza

Watu wengi waliosikia habari za filamu The Devils hawajaiona, na wengi wa walioiona wanakumbuka watawa tu. Wanakumbuka masista wakivua nguo kanisani, wakipiga mayowe na kugaagaa sakafuni. Wanakumbuka pia zogo la mwaka 1971 ilipotoka: gazeti la Vatikani likiilaani, halmashauri kadhaa za Uingereza zikiipiga marufuku hata baada ya bodi ya ukaguzi kuipitisha, na kampuni iliyoigharamia ikiikatakata kana kwamba inataka kujinasua nayo. Zaidi ya nusu karne imepita na gumzo ni lile lile. Mimi naona aliyewatazama watawa peke yao hajaiona filamu bado. Ufundi wake umo kwenye kuta.

Kuta zenyewe ni za mji wa Loudun, magharibi mwa Ufaransa, zilizosimamishwa upya katika uwanja wa studio za Pinewood, nje kidogo ya London. Aliyezibuni ni Derek Jarman, kijana wa miaka 28, mchoraji aliyesomea shule ya sanaa ya Slade. Alikuwa ameshatengeneza mandhari ya jukwaani kwa ajili ya baleti na opera, lakini filamu hakuwahi kuigusa. Mwongozaji Ken Russell alimkabidhi mji mzima. Ni imani kubwa kumpa mtu mgeni wa kazi, nami kila nikiitazama filamu hii huanza kwa kumshangaa Russell kwa ujasiri huo kabla sijamshangaa kwa jingine lolote.

Kisa ni cha kweli. Mwaka 1632 masista Waursulini wa Loudun walianza kusema kwamba wanajiwa na pepo usiku. Mkuu wao, Jeanne des Anges, mwanamke wa miaka 30 mwenye kibyongo, akamtaja aliyewatupia pepo hao: padri Urbain Grandier wa parokia ya Saint-Pierre-du-Marché, ambaye alikuwa amelikataa ombi la kuwa mlezi wao wa kiroho. Grandier hakuwa malaika. Alikuwa msomi aliyefunzwa na Wajesuti, mtanashati, mwenye ulimi mkali. Alimpa mimba binti wa mwendesha mashtaka wa mfalme mjini hapo, na aliandika kijitabu cha kupinga useja wa mapadri. Maadui alikuwa nao tele. Lakini lililomponza hasa ni jingine. Alisimama upande wa gavana kuzuia ngome ya Loudun isibomolewe, wakati Kadinali Richelieu, waziri mkuu wa Mfalme Louis XIII, hakutaka mji wowote wa ndani ya Ufaransa ubaki na ngome yake, sembuse mji ambao Waprotestanti waliwahi kuufanya kimbilio. Jean de Laubardemont, aliyetumwa kusimamia ubomoaji, ndiye huyo huyo aliyepewa kazi ya kuwachunguza pepo. Padri akahukumiwa na kuchomwa moto siku moja, tarehe 18 Agosti 1634, miguu yake ikiwa imeshavunjwa na watesaji. Hakukiri uchawi, wala hakumtaja mwenzake yeyote.

Kwa hiyo ni kesi ya ukuta iliyovishwa joho la kesi ya pepo. Aldous Huxley aliliona hilo katika kitabu chake cha mwaka 1952, The Devils of Loudun, na John Whiting akalipeleka jukwaani London mwaka 1961. Russell alipokichukua kitabu na tamthilia atunge filamu, lilimkabili swali la kifundi: utamfanyaje mtazamaji auonee ukuta uchungu? Mtu humlilia mtu mwenzake. Ngome haina machozi wala jina la utotoni. Njia ilikuwa moja tu, kuufanya ukuta uwe mhusika, uingie mwanzoni, uzungumziwe, utishiwe, utetewe, na mwishowe uuawe mbele ya macho yetu.

Filamu nyingi za kihistoria zina ugonjwa wa kuonyesha kila kitu kikiwa kikuukuu. Mawe yameota kuvu, milango imechubuka, mabakuli ya udongo yamepasuka kingo. Mwongozaji anasahau kwamba gofu tunalolizuru leo lilikuwa jengo jipya siku lilipofunguliwa, na kwamba watu wa mwaka 1634 hawakujiona wakiishi zamani. Walijiona wakiishi leo. Russell alitaka Loudun ionekane kama walivyoiona wenyeji wake, mji wa kisasa, fahari ya zama zao, na mfano aliokuwa nao kichwani ulikuwa jiji la kubuni katika Metropolis ya Fritz Lang, filamu ya mwaka 1927. Jarman akamletea mji mweupe pepe. Kuta ni ndefu, nyoofu, za matofali madogo yaliyopangwa bila kombo, na hazina pambo. Si ule weupe wa chokaa ya nyumba za Lamu, unaopokea jua na kuzeeka nalo. Weupe wa Jarman haupokei chochote. Unarudisha.

Kazi ya weupe huo mtazamaji huanza kuiona taratibu. Kwanza, unazitoa rangi zote mjini, hivyo chochote kinachoingia lazima kionekane. Kanzu nyeusi ya padri inasomeka kutoka mbali kama wino kwenye karatasi. Damu haina pa kujificha. Pili, unamnyima mtazamaji ile faraja ya kusema hayo yalikuwa mambo ya kale, ya watu wa giza. Hapa hakuna giza. Kila uovu unafanyika mahali peupe penye mwanga wa kutosha, penye sakafu iliyopigwa deki. Nimeona filamu nyingi za uwindaji wa wachawi zikitegemea mishumaa, ukungu na bundi, hii haikuvihitaji.

Nyumba ya watawa ndiyo kilele cha ubunifu wake. Chanzo kiko kwa Huxley, aliyefananisha jinsi mkuu wa masista alivyotendewa na wapunga pepo na kunajisiwa ndani ya choo cha umma. Sentensi hiyo chungu Russell na Jarman waliichukua kama ilivyo wakaigeuza kuwa jengo: matao mafupi, vijumba vilivyobanana, kuta zinazong'aa kama vigae vya mahali pa kuoshwa kwa mpira wa maji. Mji wa nje unapanda juu. Nyumba ya watawa inashuka chini na kukandamiza. Humo Vanessa Redgrave, anayemwigiza Jeanne, anapita shingo imelala upande mmoja, bega limeinuka, na dari inaonekana kushirikiana na mgongo wake kumfunga. Dirisha la kutazamia nje ni wavu. Masista wanapandiana juu yake wapate kumwona Grandier akipita mtaani kwenye mazishi ya gavana, na katika picha hiyo moja tumeshaelezwa nini kitatokea: wanawake wengi, hewa haba, tundu moja la kuchungulia, na mwanamume mmoja akipita upande wa pili akiwa huru kwenda atakako. Nyumba kama ile iliwapokea pia mabinti wa familia bora waliokosa mahari ya kuwaozesha vizuri. Filamu hailitolei hotuba jambo hilo. Imelijenga.

Mpiga picha alikuwa David Watkin. Msomaji wa Nairobi amekutana na kazi yake hata kama jina halijui, maana ndiye aliyepiga Out of Africa huko Kenya na kupata Oscar kwa kazi hiyo. Watkin alisifika kwa kuurusha mwanga kwanza kwenye kitu kingine ndipo umfikie mwigizaji ukiwa umelainika, naye katika mji wa Jarman alipata kuta nzima za kufanyia mchezo huo. Nyuso hazina vivuli vikali. Hakuna kona ya kumficha mnafiki. Upana wa picha nao umetumiwa kwa akili: mara nyingi watu wanawekwa chini kabisa ya fremu, wadogo, na juu yao ni ukuta tu, ukuta, ukuta, mpaka unaelewa bila kuambiwa ni nani mkubwa katika kisa hiki.

Maleba yalishonwa chini ya Shirley Russell, mke wa mwongozaji wakati huo, naye aliifuata nidhamu ile ile ya nyeusi na nyeupe. Muziki umegawanywa kwa ustadi ambao huonekana kirahisi ukishaujua: David Munrow na wenzake walipiga ala za kale kwa ajili ya ngoma na sherehe za wakati ule, huku Peter Maxwell Davies akitunga muziki wa kisasa unaokwaruza na kupanda juu kila mtu anapoanza kupoteza akili. Wa kwanza unatuambia tuko karne ya 17. Wa pili unatukatalia. Na mpunga pepo Barré, anayeigizwa na Michael Gothard, ana nywele ndefu na miwani midogo ya duara, utadhani mwimbaji wa roki wa mwaka 1970 aliyepotea njia. Wakosoaji wengine waliona ni utani. Naona ni hesabu nzuri, kwa sababu mpunga pepo wa hadhara alikuwa hasa mtumbuizaji wa zama zake. Loudun ya kweli ilijaa wageni waliosafiri kutoka pande zote za Ufaransa, na hata Waingereza, kuja kuwatazama masista wakipandisha pepo. Watu walipanga vyumba kwa ajili hiyo.

Oliver Reed ndiye Grandier. Nje ya kamera alijulikana kwa ulevi na fujo, na ndani ya filamu hii, yenye kelele kuliko zote alizoigiza, yeye ndiye mtu mtulivu kupita wote. Ni uamuzi wa kifundi unaostahili heshima. Kadiri wenzake wanavyopayuka ndivyo anavyozidi kuishusha sauti. Akishanyolewa nywele na nyusi kabla ya kuteswa, uso wake unabaki laini na mtupu, umekuwa mmoja na kuta za nyuma yake. Sijui kama walilipanga hivyo. Linafanya kazi kana kwamba lilipangwa.

Onyesho ambalo ningemtaka kila mwanafunzi wa filamu alichambue ni la kisanduku. Kanisa limechafuka. Watu wanazungukazunguka, mapadri wanapaza sala, masista wako uchi na wanacheka. Anaingia mtu wa hadhi kubwa aliyefunika uso, naye ndiye mfalme mwenyewe. Amebeba kisanduku cha thamani na anasema ndani yake mna masalia matakatifu, damu ya Kristo. Anaomba kijaribiwe kwa pepo. Barré anakipokea kwa unyenyekevu, anakipitisha mbele ya waliopagawa, na pepo wanatoka papo hapo. Ukelele, kisha kimya, kisha nyuso zilizojaa amani. Mgeni anakifungua. Hamna kitu.

Mwongozaji mwingine angelimalizia hapo. Uongo umefichuka, hakimu angesimama, umati ungeona haya. Russell anangoja. Anaacha ule utupu wa kisanduku uzunguke kanisani kwa pumzi kadhaa, usikike kicheko, na kisha fujo inaanza upya, kubwa kuliko ya kwanza, kana kwamba ushahidi umewapa ruhusa badala ya kuwazuia. Mfalme anaondoka amefurahi. Amejua ukweli na haumhusu. Utaalamu wote wa onyesho hilo umo katika mpangilio wa muda: mhariri Michael Bradsell anajua lini akate na, lililo gumu zaidi, lini asikate. Na linasema jambo ambalo kumbukumbu za Loudun zinalithibitisha kwa namna yake, kwa maana Grandier alipokwisha kuwa majivu pepo hawakuondoka. Watu waliendelea kupungwa mpaka mwaka 1637. Mwaka uliofuata Jeanne alizungushwa Ufaransa, watu wakipanga foleni kuutazama mkono wake uliodaiwa kuandikwa majina matakatifu kimiujiza, naye akapokewa na mfalme na Richelieu mwenyewe. Alikufa kitandani, mwaka 1665.

Kisha mauti ya ukuta. Russell amezileta pamoja siku mbili ambazo historia haikuziweka pamoja: padri anaungua uwanjani, na wakati huo huo baruti za Laubardemont zinalipuka chini ya ngome. Mwanahistoria ana haki ya kunung'unika. Kwa upande wa ufundi, kila kilichojengwa kwa saa nzima na zaidi kinalipwa hapo. Mji ule mnyoofu, usio na doa, ambao macho yameshauzoea hata kuuamini, unamomonyoka vipande vipande nyuma ya mtu anayekufa, na watu wa Loudun wanaendelea kushangilia moto bila kugeuka kuona kwamba kinga yao imeondoka. Ndiyo sababu nilisema tutazame kuta. Asiyekuwa amezitazama ataona milipuko tu, na atadhani ni mbwembwe. Aliyezitazama anajua kwamba aliyetakiwa afe siku ile hakuwa padri. Mwishoni Madeleine, mwanamke aliyefunga ndoa na Grandier kwa siri, anapanda kifusi cheupe na kutoka mjini kwa miguu, barabara imepangwa miti mirefu yenye magurudumu ya kutesea watu. Aliyejenga hawezi kuomba mwisho ulio mwaminifu zaidi kwa jengo lake.

Si filamu isiyo na kasoro, na sitaki kumfanya msomaji aende nayo akitarajia mtakatifu. Russell hakujua kunong'ona. Waganga wawili wa tauni, wenye nyigu ndani ya vikombe na mamba aliyekaushwa, wanachekesha mara ya kwanza na kuchosha baadaye. Mayowe ya watawa yanafika mahali sikio linazimika, na sikio likizimika huruma nayo huzimika, hivyo Jeanne anapoteza sehemu ya haki yake ya kuonewa uchungu. Mwaka 1961 Mpoland Jerzy Kawalerowicz alitengeneza Mama Yoana wa Malaika kwa kisa hicho hicho cha Loudun, akakihamishia nchini kwake, kwenye uwanda mtupu wenye nyumba chache. Ni ya nyeusi na nyeupe, masista wamevaa meupe, sauti ni chache, na inatisha kwa utulivu. Ilipata tuzo maalumu ya jopo huko Cannes. Ukiniuliza ipi inaielewa zaidi roho ya mtawa, nitakujibu ya Kawalerowicz bila kusita. Ya Russell inaielewa zaidi serikali.

Na pengine ndiyo maana iliumiza. Russell alikuwa Mkatoliki, aliyeingia dini hiyo akiwa mtu mzima, na alisema hii ndiyo filamu yake pekee ya kisiasa. John Trevelyan wa bodi ya ukaguzi alibishana naye kuhusu kila kipande, baada ya hapo kampuni ya Warner Bros. nayo ikakata, na kwa Marekani ikakata tena. Onyesho refu la watawa wakilishambulia sanamu la Kristo msalabani liliondolewa lote. Mhakiki Mark Kermode ndiye aliyelipata mwaka 2002 baada ya kulitafuta kwa muda mrefu, na mwaka 2004 filamu ilionyeshwa London ikiwa na onyesho hilo ndani yake. DVD ya Taasisi ya Filamu ya Uingereza, iliyotoka mwaka 2012, miezi michache baada ya Russell kufariki, ina toleo la Uingereza la mwaka 1971, bila onyesho hilo. Magazeti yamezungumza sana juu ya vipande vilivyokatwa. Kwa bahati, hakuna mkaguzi aliyefikiria kukata ukuta.

Baadaye Jarman akawa mwongozaji mwenyewe. Alitengeneza Sebastiane mwaka 1976, yenye mazungumzo ya Kilatini, na Caravaggio mwaka 1986. Filamu yake Blue ya mwaka 1993 ni rangi ya buluu tupu tangu mwanzo hadi mwisho, na sauti juu yake. Fedha za kujenga mji hakuzipata tena. Alifariki mwaka 1994. Wapo wanaomkumbuka kwa buluu ile. Nami nawaomba wamkumbuke pia kwa weupe huu, na kwa mafundi wa plasta waliousimamisha bila majina yao kuandikwa kwenye bango lolote.

Ukiipata filamu hii, usiiweke sebuleni mbele ya wakwe wala watoto. Itazame peke yako, au na rafiki asiyeogopa kubishana, na kabla mtu yeyote hajapiga yowe, upe mji dakika zako chache za mwanzo.